Munganga, uniulize kwanza: «Unafanya kazi gani?»



Kuna rafiki mumoja mwenye tuliingia naye kazi mwaka mumoja. Yeye alikuwa fundi wa mashini ya kutoboa majiwe, miye nilikuwa ku ekipe ya matengenezo. Alitoboa majiwe chini ya udongo miaka 14. Kisha kikohozi kikaanza. Kwanza asubuhi tu, kisha usiku, kisha hata kupanda ngazi ya nyumba yake ilikuwa shida. Alikuwa anatuambia hivi: «Pumuzi inafika nusu ya njia, inarudia.»

Alienda ku hospitali. Walipiga picha ya kifua, waliona alama nyeupe juu ya mapafu, walisema: tebese. Alikunywa dawa miezi 6. Kikohozi kilibaki. Walipima makohozi, hawakuona mikrobe. Lakini walisema aanze tena. Kwa miaka ine alikunywa dawa za kifua kikuu mara tatu, na hakuna hata mara moja mikrobe ilionekana. Mara ya tatu, infirmieri mumoja muzee mwenye alikuwa anamubadilishia seromu alimuuliza: «Papa, wewe unafanyaka kazi gani?» Akajibu: «Natoboa majiwe.» Ule muzee alinyamaza, kisha akasema: «Sasa hii ni vumbi, papa. Hii si tebese peke yake.»

Ilikuwa silikozi. Miaka ine, waganga wengi, picha nyingi, na hakuna mwenye alimuuliza lile swali la maneno matatu.

Sitataja kampuni wala hospitali. Nitasema kosa langu. Wakati walimufukuza kazi, miye nilikuwa delege wa sendika. Walileta karatasi ya munganga: hawezi tena kazi, «ugonjwa wa kawaida». Miye nilisoma, nikaona muhuri iko, saini iko, nikaweka saini yangu pembeni. Sikujua kama kati ya «ugonjwa wa kawaida» na «ugonjwa wa kazi» kuna mulango wenye unafungwa. Kisha miaka mbili alikufa. Bibi yake anauzisha makala ku soko. Watoto wawili waliacha masomo. Kila mara ninapita pale, ninanunua makala hata kama nyumbani iko.

Njo maana, wakati binti yangu mwenye anasoma munganga aliniuliza siku moja ya Mungu, kisha kula bukari: «Papa, wewe na wenzako wa mugodi, mungependa tujifunze nini ku fakilte?», sikujibu haraka. Niliomba juma mbili. Niliuliza wenzangu, niliuliza bamama wa kambi, niliuliza wachimbaji wa mikono wa Kolwezi, niliuliza ule infirmieri muzee mwenye sasa iko ku pansio. Haya ni majibu yetu, mwaka kwa mwaka, vile yeye mwenyewe alinipangia: gradua, doktora, staji, na kisha diploma. Siku hizi shule kuu ziliingia mu sisteme ya LMD na majina yanabadilika, lakini ngazi zinabaki zile: kwanza kujua mwili, kisha kujua magonjwa, kisha kuweka mukono juu ya mugonjwa, kisha kusimama peke yako.

Swali lenye umri wa miaka 300

Mwanzo, niseme kitu kimoja. Haya yenye tunaomba si ya mupya. Mwaka 1700, kule Modena, Italia, munganga mumoja jina lake Bernardino Ramazzini alitosha kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Alianzia na wachimbaji wa migodi. Alienda kuwaona watu mahali pa kazi yao, hata wale wenye kutosha uchafu wa vyoo. Na alishauri waganga wenzake waongeze swali moja juu ya yale yenye wanazoea kuuliza mugonjwa: kazi yake ni gani. Hiyo ni miaka zaidi ya 300. Mu hospitali zetu, kwa fishi kuna mustari wenye kuandikwa «Profession». Niliomba kuona fishi za wenzangu. Kwa moja waliandika «mufanyakazi». Kwa ingine «ajenti». Kwa mutoto mumoja mwenye kuchimba kobalti kwa mikono waliandika «debruyari».

«Debruyari» haifundishi munganga kitu. Mutu mwenye kuuzisha mikate ni debruyari, na mwenye kushuka mita 30 chini ya udongo na kamba ni debruyari. Swali lenyewe liko na mikia yake: unafanya nini na mikono yako? Tangu mwaka gani? Mbele ya pale ulifanya nini? Kuko vumbi, moshi, asidi, makelele? Wenzako wa ekipe wanakohoa vilevile? Hii haichukue hata dakika tatu.

Miaka ya kwanza: mwili, vumbi na Kiswahili

Miaka ya gradua, binti yangu ananiambia, ni ya mifupa, damu, chembe za mwili, kemia. Mitihani mingi, vitabu vizito. Muzuri. Siombi wapunguze. Ninaomba kama wakati wanafundisha pafu, wafundishe na vumbi lenye linaingia mule.

Juu vumbi lenye unaona ku macho, lile lenye linafanya uso unakuwa mweupe kama ulianguka mu unga, mara nyingi pua na koo zinalikamata, unalitema. Vumbi lenye linaua ni lile lenye huoni, chembe ndogo sana kuliko upana wa unywele. Ile inapita yote, inafika ku mwisho wa pafu, mahali hewa inaingia mu damu. Kule kuna chembe za mwili zenye kazi yao ni kumeza uchafu. Zinameza silika ya jiwe, lakini silika inaziua. Zingine zinakuja, zinameza, zinakufa. Mahali pale panakuwa kovu. Kovu na kovu, na pafu linakuwa gumu kama ngozi ya viatu. Kovu haliondoke. Hata mutu akiacha mugodi leo, linaweza kuendelea kukua. Mwanafunzi mwenye alielewa ile mu mwaka wa pili hatashangaa wakati, kisha miaka, mugonjwa mwenye aliacha kazi zamani anakuja na pumuzi fupi.

Vilevile na masikio. Wafundishe kama makelele ya mashini yanaua chembe ndogo za sikio, na zikikufa hazizaliwe tena. Bamama wa kambi wanalijua mbele ya munganga: «Bwana yangu anaongezaka radio kila mwaka, sasa majirani wanapiga mulango.» Ile ni dalili. Mutu anaanza kupoteza sauti za juu, sauti ya mutoto, ya ndege. Yeye mwenyewe hajui.

Kitu kingine cha miaka ya kwanza: watembelee mugodi. Siku moja tu, lakini siku nzima. Washuke, wavae kofia na viatu vyetu, wasimame karibu na mashini yenye kutoboa bila mayi, kisha karibu na yenye kutoboa na mayi, waone tofauti ya hewa. Wafike ku nyumba ya kubadilishia nguo, waulize nguo za kazi zinafuliwa wapi. Mara nyingi jibu ni: ku nyumba, mu beseni moja na nguo za mutoto. Kitabu hakitawaonyesha ile beseni.

Na luga. Masomo ni mu Kifaransa, na ni sawa, vitabu viko mu Kifaransa. Lakini mugonjwa anasema mu Kiswahili cha kwetu. Anasema «kifua kinabana», «moyo unaruka», «mwili unalegea», «pumuzi inakatika». Kila neno liko na maana yake. Mutu mwenye kifua kinabana paka siku za kazi na kinaacha siku ya pumziko, ule alikwisha kukupa nusu ya jibu: inaweza kuwa asma yenye kutoka ku kazi. Munganga mwenye anaruka maneno yake na kuandika «toux» tu, alitupa ile nusu.

Miaka ya katikati: magonjwa yenye kuvaa nguo za wengine

Miaka ya doktora njo wanajifunza magonjwa yenyewe. Hapa tuko na maombi matatu.

La kwanza ni kifua. Silikozi na kifua kikuu zinafanana ku picha, na mbaya zaidi zinazoea kuishi pamoja. Mutu mwenye silika mu mapafu anashikwa na kifua kikuu kwa upesi kuliko wengine, na ile hatari inabaki hata kama aliacha kazi. Kama iko na virusi vya ukimwi tena, hatari inapanda zaidi. Kwa hiyo hatusemi munganga aache kutafuta tebese. Atafute! Apime makohozi na mashini nzuri, asianze dawa juu ya alama nyeupe peke yake kama kupima kunawezekana. Lakini kama mikrobe haionekane, na dawa hazisaidie, na mutu alitoboa majiwe miaka 14, ajue kusimama na kujiuliza. Shirika la Kazi la Dunia, lile la Geneva, liko na picha za mufano zenye munganga anaweka pembeni ya picha ya mugonjwa wake, anazilinganisha, anatoa daraja, kutoka 0 mpaka 3. Wanafunzi wetu wazishike ku mikono na wajizoeze. Mwaka 1995 lile shirika pamoja na lile la Afya walianzisha programu ya kumaliza silikozi mu dunia mpaka mwaka 2030. Mwaka 2030 si mbali. Mwanafunzi mwenye anaanza leo, wakati ule atakuwa anakaribia kuvaa blusi yake ya munganga.

La pili ni metali. Hapa Katanga hakuna ruhusa munganga amalize masomo bila kujua kobalti. Kobalti inaweza kuleta asma, vipele vya ngozi, na ikizidi sana mu mwili inaharibu moyo na tezi ya shingo. Tusingoje vitabu vya mbali, juu kazi ilifanywa hapa kwetu. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake walipima mikojo na damu ya watu wa Katanga. Mwaka 2018 walitangaza yale yenye walikuta Kasulo, kule Kolwezi, mutaa wenye watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: watu wa pale walikuwa na kobalti mingi mu mwili, na watoto walipita wakubwa. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine ulitangazwa, ulifanywa Lubumbashi juu ya watoto wenye kuzaliwa na kilema: hatari ilikuwa kubwa zaidi wakati baba anafanya kazi yenye kuhusu madini. Haina maana kila mutoto wa mufanyakazi wa mugodi atazaliwa na kilema, bamama musiogope bule. Maana yake ni hii: munganga wa bamama wenye mimba aulize hata kazi ya baba. Na munganga wa watoto aulize mutoto anacheza wapi.

Kuna mufano wa kusikitisha wa Nigeria, mukoa wa Zamfara, mwaka 2010. Watu walikuwa wanasaga majiwe ya zahabu ku nyumba zao, na mule majiwe kulikuwa risasi, ile metali nzito. Watoto walianza kutetemeka na kuzimia. Ku mwanzo walifikiri ni malaria. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Kifafa cha malaria na kifafa cha risasi, mama anaviona sawa. Munganga asivione sawa. Na njia ya kuvitenganisha inaanzia ku swali: hapa nyumbani munafanya kazi gani?

Tusisahau Shinkolobwe. Urani ya pale ilienda mu bomu ya Hiroshima mwaka 1945, hiyo dunia nzima inajua. Yenye watu hawajui sana ni kama mahali urani iko mu jiwe, kunatoka hewa moja, radoni, haina harufu wala rangi, na inaongeza kansa ya pafu, zaidi kwa mutu wa tumbaku. Munganga wa Likasi au Kambove mwenye hajui ile ni kama dereva mwenye hajui barabara yake.

La tatu ni sheria. Ndiyo, sheria, mu fakilte ya uganga. Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaomba mukubwa wa kazi atunze mufanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ya usalama wa jamii inapanga malipo ya aksida za kazi na magonjwa ya kazi, na kazi hiyo iko mu mikono ya CNSS, ile ya zamani INSS. Lakini mashini hii yote inaanzia ku kalamu ya munganga. Munganga asipoandika, delege hana kitu cha kubeba, mujane hana mulango wa kugonga. Binti yangu alikuwa anajua mifupa 206 ya mwili kwa majina, hakujua bado jina la karatasi yenye ingesaidia bibi wa rafiki yangu.

Staji: siku ukuta unaanguka

Staji njo mahali vijana wetu wanakutana na sisi kweli, usiku, mu urjansi, wakati pikap inaingia na watu nyuma. Hapa tunaomba wajue vitu vine kama wanajua kuhesabu.

Kimoja: mutu mwenye alifinywa na majiwe. Wakati wa vita, mwaka 1941, bomu zilikuwa zinaangusha nyumba za London. Munganga Eric Bywaters aliona kitu cha ajabu: watu walitoshwa wazima, wanaongea, kisha siku chache wanakufa, mafigo yamefunga. Nyama ya muguu yenye ilifinywa saa nyingi inaharibika. Wakati unaondoa jiwe, sumu ya ile nyama inakimbia mu damu, inaweza kusimamisha moyo palepale, kisha inaziba mafigo. Njo maana, kama mutu alibaki chini ya jiwe saa mingi, seromu ya mayi ya chumvi ianze mbele ya kuinua jiwe kama kunawezekana, na asirudishwe nyumbani juu «anaongea vizuri». Niliwahi kuona mwenzetu mwenye alituchekesha mu gari mpaka ku hospitali. Walimwangalia muguu, haukuvunjika, walimupa dawa ya maumivu, walimurudisha. Kisha siku tatu mukojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa.

Kingine: mwenye alianguka au kupigwa ku mugongo asibebwe kwa mikono na miguu kama mufuko wa mahindi. Sisi wenyewe tunafanya ile kosa kwa upendo. Wanastaji watufundishe, waje ku mugodi wafundishe ekipe za msaada.

Cha tatu: hewa mbaya. Wachimbaji wa mikono wanashusha motopompa mu shimo ili kutosha mayi. Moshi yake inabaki chini. Mumoja anaanguka, ndugu yake anashuka kumushika, anaanguka, wa tatu anashuka. Mashimo yetu yameua ndugu tatu kwa saa moja kwa njia ile. Mwanastaji ajue kama ile kamashini kenye kuweka ku kidole kanadanganyika na ile moshi: kanaonyesha 98 kwa mutu mwenye anakufa. Asiamini kidole, aamini historia: ametoka mu shimo lenye motopompa? Oksijeni mingi, upesi. Na aambie wale wenye kubaki mulangoni: hakuna kushuka mbele ya kuzima mashini na kuingiza hewa.

Cha ine: asidi. Kwa mashini za kutosha kobalti na shaba kunatumikishwa asidi sulfuriki. Ikimwagika juu ya mutu, dawa ya kwanza ni mayi, mayi yenye kutembea, dakika nyingi, nusu saa hata zaidi, na kuvua nguo. Jicho vilevile. Watu wanaleta mafuta, wanaleta chokaa, wanaleta dawa ya meno. Mwanastaji aseme: mayi.

Na kisha kila mambo ya urjansi, karatasi. Tarehe, saa, mahali, kazi yenye alikuwa anafanya, mashahidi. Aandike kwa herufi zenye kusomeka. Nimebeba karatasi mbele ya wakubwa zenye hata munganga mwenye aliandika hakuweza kuzisoma.

Kisha diploma: nani anakulipa, na nani unamutunza?

Hapa binti yangu alinyamaza kidogo, na miye vilevile, juu hapa njo pagumu.

Munganga kijana anapata kazi ku hospitali ya kampuni. Mushahara muzuri, nyumba, gari. Siku moja mukubwa anamuomba: «Ule foreri, andika ugonjwa wa kawaida.» Au anamuomba majina ya wote wenye virusi. Hakuna mutihani wa fakilte wenye ulimutayarisha. Ninaomba wafundishe ile mbele, mu darasa, na mifano ya kweli, wanafunzi wabishane: siri ya mugonjwa ni ya nani? Munganga wa kampuni anaweza kumuambia mukubwa kama mutu anaweza kazi au hawezi, au kama anahitaji kubadilishwa mahali. Jina la ugonjwa si la mukubwa. Na mugonjwa mwenyewe iko na haki ya kujua picha yake inasema nini. Wangapi kati yetu walipigwa picha ya kifua kila mwaka, na hawajaiona hata siku moja?

Tunahitaji pia wamoja wao wasome zaidi, wakuwe mabingwa wa magonjwa ya kazi na ya mapafu. Jirani zetu wa Afrika Kusini walionyesha maana yake. Kule waganga na watu wa sheria walifanya kazi pamoja miaka mingi, na mwaka 2019 tribinali ilikubali mapatano ya rand bilioni 5 kwa wachimbaji wa zahabu wenye silikozi na kifua kikuu, na kwa familia za wenye walikufa. Hakuna hata rand moja ingetoka kama waganga hawangekuwa wanajua kusoma picha na kuandika jina la ugonjwa.

Binti yangu alinipinga. Alisema: «Papa, mu darasa tuko wengi mpaka wengine wanasimama ku dirisha. Wagonjwa wanapanga mustari tangu saa kumi na moja ya asubuhi. Munganga mumoja. Hayo yote tutayaweka wapi?» Iko na haki. Sitaki tumubebeshe munganga kijana makosa ya nchi nzima. Nilimujibu: «Mama, yote hayawezekane siku moja. Weka lile swali kwanza. Jina, miaka, kazi. Kama umechoka sana, uliza lile tu.»

Na sisi?

Sasa nigeuke kwetu. Tunangoja munganga aulize, lakini sisi wenyewe tunaficha. Mutu anaogopa: nikisema ninakohoa, watanitosha kazi. Anamwambia munganga «ni mafua». Ninaielewa ile woga, nimekula nayo mezani. Lakini silikozi haijui woga wako. Na dawa ya kuifuta haiko. Yenye iko ni kutoka mu vumbi mapema, kupima kifua kikuu kila mara, kuacha tumbaku, kusaidiwa pumuzi. Kila mwaka wenye unaficha, kovu linakua.

Kwa hiyo, wakati unaenda ku hospitali, hata kama munganga haulize:

Sema kazi yako kwa matendo. «Natoboa majiwe bila mayi», «nasaga», «naosha madini ku mutoni», «napika metali». Usiseme «mufanyakazi».

Andika mu daftari ndogo kazi zote zenye ulifanya, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, hata zile za ujana. Ipe bibi yako aichunge. Siku moja yeye njo ataihitaji.

Omba picha zako za kifua na uzichunge. Picha ya zamani inasaidia sana munganga kulinganisha.

Omba kuona neno lenye waliandika juu ya karatasi, mbele ya kuweka saini. Kama ni «kawaida», uliza: kwa nini kawaida? Na delege, ndugu yangu delege, usiweke saini yako haraka kama miye.

Mama mwenye kufua nguo za kazi: loanisha kwanza mbele ya kukunguta, fua mbali na nguo za watoto, na umuambie munganga kama wewe njo unazifua.

Na kama mwanastaji anakuja karibu na kitanda chako, kijana, mikono inatetemeka kidogo, usimufukuze ukisema unataka munganga mukubwa. Mufasirie kazi yako. Muonyeshe mikono. Lile somo halina profesa mwingine.

Juma lililopita binti yangu alianza staji. Alinitumia mesaji ya kifupi kwa simu, saa ya usiku. Muzee mumoja aliingia na kikohozi, fishi ilikuwa imeandikwa «tebese, mara ya pili». Yeye aliuliza. Muzee alikuwa amefanya miaka 22 ku mashini ya kusaga majiwe. Alienda kumwamsha munganga wa zamu, na munganga, badala ya kumukasirikia, alikuja na kuomba picha zote za zamani.

Sijui bado walikuta nini. Ninangoja simu yake.